Kiti cha gari kwanza, kigari kitasubiri

*Wazazi wengi wenye bajeti ndogo huanza na kigari cha kusukuma, kisha kiti cha gari hununuliwa fedha ikibaki. Mpangilio huo unapaswa kugeuzwa.*

Na Mwandishi Wetu

Kwenye vibanda vya mitumba ya watoto, bidhaa hupangwa kwa jinsi zinavyovuta macho. Vigari vya kusukuma huning'inizwa juu vikiwa vimekunjuliwa, kimwavuli kimefunguliwa, magurudumu yamepigwa brashi. Viti vya gari hurundikwa chini, kimoja ndani ya kingine. Vingine havina kitambaa, na vingine mikanda yake imefungwa fundo isiburuzike.

Mama mwenye ujauzito wa miezi minane anaweza kusimama hapo muda mrefu akisukuma kigari mbele na nyuma, akisikiliza kama gurudumu linalia. Ataonyeshwa jinsi kinavyokunjwa kwa mkono mmoja. Atavutana na muuzaji hadi bei ishuke. Kiti cha gari atakiulizia mwishoni, kama fedha imebaki, na mara nyingi haibaki.

Muuzaji naye anauza alichokipata. Kiti kilishuka kwenye kontena pamoja na baiskeli, meza na vyombo. Hajui kilitumiwa na nani, kilikaa juani miaka mingapi, wala kama gari kilimokuwa liliwahi kugonga. Anachoweza kuona ni kama kitambaa kimechanika. Bei hupangwa kwa hicho.

Hivyo ndivyo maamuzi yanavyofanyika Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, na ndivyo yanavyofanyika Mombasa na Nairobi. Kigari kinanunuliwa kwa sababu kinaonekana, majirani watakiona, na picha zitapigwa. Kiti cha gari hakionekani na mtu. Lakini kati ya hivi viwili, kimoja tu ndicho kinachozuia kifo, na makala hii inakitetea hicho.

Mikono ya mama haitoshi

Hoja inayosikika mara nyingi dhidi ya kiti ni kwamba mtoto mchanga hana mahali salama kuliko kifuani kwa mama yake. Nyumbani ni kweli. Ndani ya gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi Tanzania, si kweli.

Hesabu yake ni fupi. Gari la mwendo huo likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 7 hutupwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 100 hivi. Hilo ni gunia la mahindi. Hakuna mama, awe na mapenzi kiasi gani, anayeweza kulizuia kwa mikono lisimponyoke.

> Mtoto wa kilo 7, kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hutupwa mbele kwa nguvu ya karibu kilo 100.

Wapo wanaojifunga mkanda mmoja na mtoto, mama nyuma, mtoto mbele. Hapo mtoto anakuwa katikati ya mkanda na mwili wa mama, na gari linapogonga, uzito wote wa mama unamkandamiza yeye. Mbeleko nayo, iliyolea vizazi na vizazi, haikufanywa kwa kazi hii. Ndani ya gari haimlindi mtoto.

Umbo la mtoto lenyewe lina hatari yake. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya saba au ya nane. Kichwa hicho kizito kimeshikwa na shingo ambayo mifupa yake bado haijakomaa. Ndiyo maana mtoto mdogo hukalishwa akitazama nyuma ya gari. Gari likigonga kwa mbele, mgongo, shingo na kichwa vyote hupokelewa kwa pamoja na ukuta wa kiti, badala ya kichwa kuchomoka peke yake.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali za magari kwa asilimia 71. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ina takwimu hiyohiyo kwa walio chini ya mwaka mmoja wanaosafiri kwenye magari madogo, na asilimia 54 kwa walio kati ya mwaka mmoja na minne. Dawa na chanjo chache zinazonunuliwa mara moja zinaweza kujivunia matokeo ya namna hiyo.

Ukubwa wa tatizo haufichiki. Mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao milioni 1.19 duniani, na kwa wenye umri wa miaka 5 hadi 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua.

Hoja ya kumpakata mtoto iliwahi kuingia hata ndani ya sheria. Jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza Marekani kulazimisha viti vya watoto, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1978, baada ya daktari wa watoto wa mji wa Murfreesboro, Robert Sanders, kuwasumbua wabunge kwa miaka. Lakini wabunge walipenyeza kifungu kilichoruhusu mtu mzima kumpakata mtoto badala ya kumweka kwenye kiti. Sanders alikipinga waziwazi, akisema kinasababisha watoto kupondwa. Kilifutwa mwaka 1981. Kufikia 1985 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya viti.

Vyote vilitoka angani

Kuna jambo la kupendeza katika historia ya bidhaa hizi mbili. Katika miaka ya 1960, mtafiti wa Sweden, Bertil Aldman, aliona jinsi wanaanga wa Marekani wa mradi wa Gemini walivyopangiwa kulala chali ili nguvu ya roketi isambae mgongoni mwote. Akawaza kumkalisha mtoto hivyo ndani ya gari. Volvo ikajaribu kiti cha kwanza cha kutazama nyuma mwaka 1964.

Mwaka uliofuata, Mwingereza Owen Maclaren, mhandisi aliyewahi kubuni miguu ya kukunja ya ndege za kivita za Spitfire, alitengeneza kigari cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli. Kilikuwa na uzito usiofika kilo 3. Kabla ya hapo vigari vya watoto vilikuwa vizito na vikubwa, vya kusukumwa na yaya kwenye bustani. Vigari vyepesi tunavyoviona leo kwenye maduka ya Kariakoo vinatokana na ubunifu wake.

"Sisi hatuna gari"

Hoja ya pili dhidi ya kiti ni nzito kuliko ya kwanza, nayo inastahili kusikilizwa kwa heshima. Familia nyingi za mijini hazina gari. Zinapanda daladala, bajaji na bodaboda, na katika vyombo hivyo hakuna kiti cha mtoto kinachoweza kufungwa. Kumwambia mama wa Mbagala au Buza anunue kiti cha gari ni kama kumwambia maisha yake hayajulikani.

Familia ambayo haipandi gari dogo kabisa haina sababu ya kununua kiti. Ila familia za namna hiyo ni chache kuliko inavyodhaniwa. Siku ya kutoka hospitalini, watu hukodi teksi au humwomba shemeji mwenye gari. Siku mtoto akizidiwa usiku, ni teksi. Krismasi au Idi inapofika, watu saba hujazana kwenye Noah kwenda kwao, safari ya saa nyingi kwenye barabara kuu, mtoto akipokezanwa mapajani. Safari hizo ni chache, lakini barabara kuu ndipo mwendo ulipo mkubwa zaidi.

Kwa familia kama hizo jibu ni kuazimana. Kiti cha kikapu, kile chenye mkono wa kubebea, hutumika kuanzia siku ya kwanza hadi mtoto afike kilo 13, na wengi hukiacha kabla ya miezi 15. Hufungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, dakika mbili tu. Kiti kimoja kinaweza kuzunguka ndani ya ukoo: dada mkubwa, mdogo wake, mke wa kaka, binamu. Tunavyopokezana nguo za watoto na beseni la kuogea ndivyo kiti hiki kinavyoweza kupokezanwa, mradi kila anayekipokea anaambiwa historia yake.

Kwa teksi kuna kikwazo ambacho abiria wengi wanakifahamu. Mikanda ya siti ya nyuma huwa imezikwa chini ya kava za siti, au vifungio vimezama katikati ya sponji. Mkanda ukiwa umefichwa, kiti hakiwezi kufungwa. Muulize dereva kabla ya kupanda, tena kwa upole, avute mkanda auonyeshe. Asipoweza, ita gari jingine.

Mtumba wa nani?

Hapa ndipo pande mbili zinapovutana zaidi. Wataalamu wa usalama husema usinunue kabisa kiti kilichotumika ambacho hujui kilikotoka. Wafanyabiashara wa mitumba na wateja wao hujibu kwamba kiti kilichotengenezwa Ujerumani au Japani, hata kikiwa kimetumika, ni imara kuliko kipya cha bei chee kisicho na jina.

Kila upande una ukweli wake. Tatizo la kiti kilichopata ajali ni kwamba ganda lake linaweza kuwa na ufa usioonekana kwa nje, na siku likihitajika tena linavunjika. Plastiki nayo huzeeka. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa kati ya miaka sita na kumi tangu siku ya kutengenezwa, na tarehe hiyo huwa imechapwa kwenye lebo au imegandishwa kwenye plastiki chini ya kiti. Jua kali la pwani haliongezi umri huo, hasa kwa kiti kilichoanikwa barabarani kwa miezi kikisubiri mnunuzi.

Kwa upande mwingine, sokoni kuna vitu vipya vinavyoitwa viti ambavyo havistahili jina hilo. Vibaya zaidi ni vile vya kitambaa na sponji pekee, visivyo na ganda gumu, vinavyofungwa nyuma ya siti kwa kamba. Vinakunjika, ni vyepesi, bei yake inavutia, na mamlaka za Uingereza zimeonya mara kwa mara dhidi yake. Hivyo usivinunue kwa bei yoyote.

> Kiti cha dada yako unayejua historia yake kina thamani kuliko kiti kizuri cha sokoni kisicho na historia.

Kama mfuko ni mdogo, mwandishi huyu angefuata mpangilio huu: kwanza kiti cha ndugu au rafiki ambaye anaweza kukuambia kwa uhakika kwamba hakijawahi kupata ajali na kina umri gani. Kisipopatikana chenye mwenyewe wa kukisimulia, nunua kipya cha bei ya chini kabisa chenye lebo ya kiwango. Mtumba wa sokoni uwe wa mwisho, nao ukaguliwe bila haraka.

Kukagua maana yake ni kuvua kitambaa. Muuzaji akikataa, ondoka. Chini ya kitambaa angalia ganda lote kwa mwanga wa jua, pitisha kidole kwenye kona, tafuta ufa au mistari myeupe ambako plastiki imekunjwa kwa nguvu. Ile sponji ngumu nyeupe ya kichwani isiwe imepasuka wala kukosekana, kwani ndiyo inayopokea kishindo. Mikanda iwe yote mitano: miwili ya mabega, miwili ya nyonga, mmoja wa katikati ya mapaja. Ivute ghafla. Funga kifungio mara kadhaa usikie mlio wake, kisha jaribu kukifungua kwa kuvuta bila kubonyeza.

Rangi ya mikanda isikudanganye. Mikanda iliyofuliwa kwa jiki hupendeza macho, lakini dawa hiyo hudhoofisha nyuzi. Mkanda wenye doa la uji ni bora kuliko mkanda mweupe uliochoka.

Lebo ya rangi ya chungwa

Viti vilivyotengenezwa kwa soko la Ulaya na nchi nyingine nyingi huwa na lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na namba ya nchi iliyoidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Kwenye lebo kuna namba ya kanuni ya Umoja wa Mataifa. Ya zamani ni R44, na namba yake ya idhini inapaswa kuanza na 04, au walau 03. Inayoanza na 01 au 02 ni ya zamani mno, Ulaya ilipiga marufuku matumizi yake tangu 2008. Kanuni mpya ni R129, iliyoanza 2013, inayopanga viti kwa urefu wa mtoto na kutaka atazame nyuma hadi avuke walau miezi 15.

Tangu Septemba 1, 2024 maduka ya Umoja wa Ulaya hayaruhusiwi tena kuuza viti vipya vya R44. Wazazi wa huko bado wanaruhusiwa kuvitumia walivyonavyo, kwa hiyo kiti cha R44/04 kilicho kizima si kibovu. Usishangae bei yake ikishuka. Ukijua historia yake, hiyo ni nafasi nzuri kwa mwenye fedha kidogo.

Viti vya Marekani havina E. Vina maandishi yanayotaja kiwango cha serikali ya huko, namba 213, na kishikizo cha kifuani kinachounganisha mikanda ya mabega. Kiti kisicho na lebo yoyote, hata kikiwa kipya na cha kupendeza, kiache.

Na kama ni kununua mara moja tu, nunua kinachogeuzwa: kile kinachoanza kwa kutazama nyuma mtoto akiwa mchanga, kisha kikageuzwa mbele, hadi kilo 18. Kinaweza kumfikisha kwenye umri wa miaka minne au karibu yake. Kikapu ni rahisi kubeba lakini kinapitwa haraka. Hata ukiwa na kinachogeuzwa, usikimbilie kukigeuza. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kinashauri mtoto aendelee kutazama nyuma hadi afikie ukomo wa uzito au urefu unaoruhusiwa na kiti chenyewe. Miguu ikikunjana si hoja, mtoto hukunja miguu hata akiwa mkekani.

Gari lako linakubali nini?

Kabla ya kulipa, peleka kiti kwenye gari, au gari kwenye kiti. Hili wengi hawalifanyi. Kwenye magari madogo ya zamani, mkanda wa siti ya nyuma wakati mwingine haufiki kuzunguka kikapu. Siti ya katikati nyuma mara nyingi ina mkanda wa kiunoni tu, na viti vingi vinadai mkanda wa kiunoni na begani kwa pamoja.

Wauzaji hupenda kutaja Isofix, vile vyuma viwili vilivyofichwa kati ya mgongo na makalio ya siti ambavyo kiti hunasa moja kwa moja. Japani ililazimisha vyuma hivyo kwenye magari mapya kuanzia 2012. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, hivyo magari yanayoingia huko sasa kwa kawaida yanavyo. Tanzania bado barabarani kuna magari mengi ya miaka ya mwanzo ya 2000. Pitisha vidole kwenye ule mwanya ujionee mwenyewe. Kama hakuna, usilipie Isofix. Kiti kilichofungwa vizuri kwa mkanda kinamlinda mtoto.

Kufungwa vizuri kuna kipimo. Bonyeza kiti kwa goti, vuta mkanda, kisha kishike pale mkanda unapopita na ukitikise. Kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mikanda ya mtoto nayo iwe imembana kiasi kwamba huwezi kuifinya ikakunjana begani. Mtoto asiviringishwe kanga nzito ndani ya mikanda. Mfunge kwanza, kisha mfunike kwa juu.

Sharti moja halina mjadala: kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi siti ya mbele yenye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ule hufumuka kwa nguvu na kukipiga kiti mgongoni, kwenye kichwa cha mtoto. Siti ya nyuma ndiyo mahali pake.

Kigari na barabara za mchanga

Sasa kigari. Sikisemi vibaya. Mama aliyejifungua kwa upasuaji, au mwenye mapacha, au anayefungua duka saa moja asubuhi mtoto akiwa naye, anakihitaji kweli. Lakini hapa kubana matumizi hakumweki mtoto hatarini, na kwa wengi mbeleko inafanya kazi ileile kwa miezi mingi bila gharama.

Kigari cha magurudumu madogo yaliyopachikwa mawilimawili kimetengenezwa kwa sakafu ya duka kubwa. Kwenye mchanga wa Kigamboni au mtaa uliochimbwa na mvua za masika kinazama. Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye vichochoro na vizingiti, kinakuwa mzigo wa kubebwa begani. Tafuta magurudumu makubwa, na kama unaishi ghorofani bila lifti, kiinue kwanza hapo dukani, mara mbili, mkono mmoja ukiwa umeshika mkoba mzito.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita mgongo wa kigari ulale kabisa. Breki ishike kwenye mteremko. Kufuli ya kukizuia kisijikunje iwe nzima, na hilo si dogo: mwaka 2009 Maclaren ilitangaza kuvirekebisha vigari vipatavyo milioni 1 Marekani baada ya bawaba kukata ncha za vidole vya watoto 12. Mwaka uliofuata Graco ilirudisha vigari vipatavyo milioni 2 vya miundo ya kati ya 2000 na 2007, kwa sababu watoto wachanga walioachwa bila kufungwa waliteleza na kukabwa, wanne walikufa. Vigari vya miaka hiyo ndivyo vinavyofika kwenye masoko ya mitumba, na tangazo la kuvirejesha halisafiri navyo.

> Tangazo la kurejesha kigari kibovu halisafiri nacho ndani ya kontena.

Mifuko ya sokoni isitundikwe kwenye mkono wa kigari, kinapinduka. Na kanga isitandazwe juu ya kigari kuzuia jua, kwani hewa ya ndani hupata joto haraka na mama haoni uso wa mtoto. Kimwavuli chake na kivuli cha mti vinatosha.

Kuna pia seti zinazouzwa kama tatu kwa moja, kigari, kitanda na kikapu cha gari. Zinaonekana nafuu. Kagua kikapu chake peke yake kwa lebo na umri, kama kwamba kigari hakipo, na kumbuka kuwa kikapu si kitanda. Mtoto mchanga akilala humo muda mrefu kidevu hugusa kifua na pumzi hubanwa. Mkifika, mtoe mlaze chali pahala tambarare.

Sheria na kodi

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, na haikutaja kiti cha mtoto. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania (TAWLA) na mashirika mengine ya kiraia yameomba kwa miaka sheria hiyo irekebishwe, na kiti cha mtoto ni mojawapo ya madai yao. WHO inapendekeza sheria iwafunge watoto hadi miaka 10 au urefu wa sentimita 135. Katika ripoti yake ya 2018, nchi 33 tu duniani zilikuwa na sheria ya viti iliyokidhi vigezo hivyo.

Wanaosita wana sababu. Sheria ikija kabla ya viti kupatikana kwa bei ya kawaida, itazaa faini na mazungumzo ya pembeni na askari, na mtoto ataendelea kupakatwa. Afrika Kusini ilipolazimisha viti kwa walio chini ya miaka mitatu mwaka 2015, iliziacha nje teksi za abiria wengi, ambazo ndizo usafiri wa walio wengi. Pengo hilo halikuzibwa na sheria. Kilichosaidia baadhi ya familia ni Wheel Well, shirika la hiari la huko linalopokea viti vilivyotumika, kuvikagua, kuvisafisha na kuvigawa kwa wasio na uwezo.

Naamini sheria inahitajika, na inahitajika ikiwa na mwenzake: kodi. Uingereza hutoza VAT ya asilimia 5 kwenye viti vya watoto vya gari badala ya 20 ya kawaida. Kiwango cha kawaida Tanzania ni asilimia 18, Kenya 16. Bunge linaloweza kukaa usiku kucha kujadili ushuru wa magari linaweza kutenga saa moja kwa kiti cha anayebebwa ndani yake. Hospitali za wazazi nazo zinaweza kuwa na viti vichache vya kuazimisha kwa siku ya kurudi nyumbani. Misikiti na jumuiya ndogondogo, zinazomiliki tayari maturubai na sufuria za kuazimana, zinaweza kuongeza viti viwili kwenye stoo.

Mtoto akikizidi kiti, kikabidhi kwa anayefuata pamoja na karatasi iliyogundishwa chini yake: mwaka kilipotengenezwa, nani amekitumia, kimepata ajali au la. Kilichopata ajali au kupita umri kisipewe mtu wala kuachwa jalalani kikiwa kizima. Kata mikanda yake yote mitano kwa kisu, kisije kikaokotwa, kikafuliwa, na kurudi kibandani.